Siku Paulina Aliponyoosha Mkono

Siku ile darasani tulikuwepo hawa. Mwalimu Yohane, mtu wa Maretadu, aliyemwoa binti wa mzee Gwandu, na mzee Gwandu ni ndugu wa babu yangu, kwa hiyo kwetu Yohane alikuwa mkwe kabla hajawa mwalimu. Benchi la mbele Bura na mdogo wake Safari, watoto wa Lohay, ambaye shamba lake linapakana na la baba yangu. Nyuma yao Emiliana, tuliyebatizwa naye siku moja. Kando yangu Paulina, binti wa mama mdogo Basilisa, yaani mama yake na mama yangu wametoka tumbo moja. Mimi, Veronika. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, nesi wa zahanati ya misheni. Wengine walikuwepo na majina yao ninayo, lakini kwa habari hii hawa wanatosha.

Sikuwa na mpango wa kuikumbuka siku hiyo. Aliyenirudishia ni mjukuu wangu Neema, na hakuileta kwa maneno, aliileta kwenye sweta. Neema yuko kidato cha nne Katesh. Shule yao ina utaratibu ambao sisi hatukuujua. Kabla ya mtihani wa mwisho wanawatawanya wanafunzi kwa watu wenye kazi, huyu kwa fundi magari, yule kwenye ofisi ya kilimo, mwingine dukani, wakae nao waangalie kazi ilivyo, ndipo waseme wanataka kusomea nini. Neema alipelekwa hospitali. Akaja nyumbani Ijumaa, akainama kunisalimia, na nilipomwekea mkono kichwani ikanipata harufu ya dawa ile. Si dawa ya kunywa. Ni ile ya kahawia, ambayo ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Mkono wangu ukabaki pale pale kichwani kwake.

"Bibi, nimeshasema shikamoo," akasema.

"Marahaba. Umekula huko?"

"Nimekula. Lakini kazi ile mimi siitaki."

Baba yake, mwanangu Daniel, alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Daniel huyu aliajiriwa ujanani kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Basotu, akaendesha mashine ya kuvunia, nasi tukaamini kwamba mkate hautaisha duniani na kazi yake haitaisha. Ikaisha. Siku hizi kila mtu anajitafutia, hata mkoa wenyewe umetoka Arusha ukajitafutia jina lake. Ndiyo maana Daniel akisikia neno kazi anakuwa mkali.

"Hukupelekwa kule kutaka," akamwambia. "Ulipelekwa kuona."

"Nimeona, Baba. Hawacheki wale. Kuna nesi mmoja ikifika saa ya kula anaingia chumbani, anafunga mlango, anakula peke yake. Kila siku. Mimi siwezi kuishi hivyo."

Daniel akagonga mpini. Mimi nikakaa chini. Maneno yale ya Neema niliyasema mimi, nikiwa mdogo kuliko yeye, pale Tumati, mbele ya wale niliowataja.

Ninyi wenzangu wa huku juu mnaijua metimani. Kwa ajili ya waliozaliwa juzi niseme kidogo. Kwetu sisi Wairaqw, nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, watu wake wanajitenga na wengine mpaka wazee waseme basi. Hawaendi kwa watu, na watu hawaji kwao. Hawanywi chombo kimoja na jirani. Ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine. Si adhabu na hakuna anayekuchukia, ni kama unavyouzungushia moto majani mabichi usisambae. Lakini mtoto hajui habari za moto. Mtoto anajua tu kwamba watu wameacha kuja.

Kwetu ilianza mama alipojifungua mtoto wa kiume, naye akaishi siku chache, hata jina hakupata. Huyo ndiye mtu pekee wa familia yangu ambaye sina jina lake. Baba akazungushia miiba upande wa njia kubwa, akafungua kinjia kingine nyuma ya nyumba, kinachoshuka peke yake mtoni. Tukawa tunateka maji jua likiwa juu, wengine wakiwa wameshaondoka. Nikifika mtoni nakuta alama za miguu yao kwenye tope, nyingi, zimepandana, na mimi niliweza kusema huu ni wa Emiliana kwa sababu kidole chake kidogo kilikuwa kimekaa upande. Nilikuwa naweka mguu wangu ndani ya mguu wa Emiliana na kusimama hapo mpaka maji yanijae kibuyuni.

Shule nayo niliacha. Hakuna aliyenifukuza. Baba alisema tu, "Utakaa na mama yako," nami nikajua.

Asubuhi ukungu ulijaa bonde lote, na wakati mwingine hata ng'ombe wetu sikuwaona, nilisikia tu wanavyong'oa majani. Ukungu ukishapanda, ng'ambo ya bonde inaonekana nyumba ya mama mdogo Basilisa. Jioni mama mdogo alikuwa anatoka anasimama kwenye ukingo wa shamba lake na kupaza sauti.

"Dada, umeshindaje?"

Mama hakuwa na nguvu ya kujibu mbali hivyo, kwa hiyo nilitumwa mimi.

"Anasema ameshinda salama."

"Amekula?"

Namgeukia mama mlangoni, naye anatikisa kichwa kwamba hapana, kisha ananiambia, "Sema nimekula."

"Anasema amekula."

Na mama mdogo anasimama pale muda mrefu baada ya maneno kwisha. Alijua. Dada hawezi kumdanganya dada yake kwa mdomo wa mtoto.

Paulina naye alitoka. Yeye hakupaza sauti, aliona haya. Alinyoosha mkono juu, wima, kama anavyonyoosha darasani akijua jibu. Na mimi nilinyoosha wa kwangu. Basi. Hatukupunga. Tulikuwa tunakaa hivyo mpaka mmoja wetu achoke, na mara nyingi sikuwa mimi. Kama kulikuwa na ukungu nilinyoosha hivyo hivyo, kwa kudhani kwamba naye huko aliko amenyoosha. Ulikuwa ndio mchezo pekee tuliobakiwa nao, na sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa naungoja tangu nilipofungulia ng'ombe.

Mama akazidi kudhoofika. Miguu ilivimba, mwili ukawa wa moto, akawa anaongea na mtu ambaye hayupo. Mwalimu Yohane, aliyeona nafasi yangu kwenye benchi haina mtu na kujua sababu, ndiye aliyekwenda misheni kumwambia nesi.

Nikasikia hodi. Ninyi hamwezi kujua hodi ilikuwa kitu gani. Hakuna aliyebisha hodi kwetu tangu mtoto alipofariki, na mimi nilishasahau inajibiwaje. Nikasema, "Marahaba."

Yule mwanamke akacheka pale nje. "Hata sijakusalimia umeshaitika? Haya, mama mkubwa, shikamoo."

Aliingia akiwa ameinama, maana nyumba zetu zilikuwa za chini, nusu yake imechimbwa ardhini. Nguo nyeupe, viatu vya kufunga, begi dogo la ngozi. Alikuwa mtu wa pande za Singida, Kiiraqw hajui, na mama Kiswahili hajui. Mimi nilikuwa nimekipata kidogo kwa Mwalimu Yohane. Basi nikawa mdomo wao. "Mwambie ageuke." "Mwambie nitamchoma sindano, aume meno." "Muulize maji yanayotoka yana harufu?" Vitu vingine sikuwa na maneno yake, nikaonyesha kwa mikono, na nesi akasema, "Hivyo hivyo, tunaelewana."

Akaja tena, akaja tena. Mimi nikawa nashika beseni. Alitia ile dawa ya kahawia, maji yakageuka meupe, akanawa mpaka viwiko. Kabla ya kumshika mama alinawa. Baada ya kumshika mama alinawa. Vyombo vyake alivichemsha kwenye sufuria, kila safari. Akiona kiu alifungua begi akatoa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, akanywa, akakisuuza, akakirudisha. Siku moja nilimpa maziwa kwenye kibuyu chetu kilicho safi kabisa, nilichokifukiza mwenyewe. Akashukuru kwa adabu, akayamimina kwenye kikombe chake, ndipo akanywa.

Nilimtazama sana. Sikuwa na mwingine wa kutazama. Na akili ya mtoto ikaanza kupanga vitu kimoja kimoja, kama mtu anayepanga kuni.

Ana kikombe chake, hanywi cha mtu. Na sisi hatunywi cha mtu.

Ananawa akigusa, kama anaogopa kumwachia mwingine kitu. Na sisi tulikuwa tunaogopwa hivyo.

Niliposhuka mtoni nilimwona njiani anavyopita. Watu waliokuwa wanakuja mbele yake waliondoka njiani wakasimama kwenye majani, wakampisha, wakamwamkia wakiwa kando. Leo najua ile ilikuwa heshima, kama mlivyokuwa mkiwapisha hata mapadri. Lakini sisi pia watu walikuwa wanatupisha wakisimama kwenye majani.

Analala peke yake kwenye chumba cha bati nyuma ya zahanati. Hana mume pale, hana mtoto mgongoni, hana mama.

Kilichokaza fundo ni maneno ya mzee Gwandu. Nilikuwa nachunga karibu na mpaka, na wazee wamekaa upande wao juani, hawakuniona. Lohay alikuwa analalamika.

"Anaingia mle kwa wale, akitoka anakuja kwangu kumtazama mtoto. Hii imekaaje, baba?"

"Yule mwacheni," mzee Gwandu akamjibu. "Hana boma hapa. Hana ng'ombe, hana mtoto. Ataipeleka kwa nani?"

Wakacheka kidogo, wakaendelea na habari za mbegu. Mimi nikabaki nimesimama na fimbo yangu. Nimeelewa, nikasema moyoni. Nesi ni mtu ambaye yuko kwenye metimani maisha yake yote. Ndiyo maana wamemruhusu aje kwetu, kwa sababu naye ni wa huko huko. Wamemtafuta mtu asiye na mtu, wakamvalisha nyeupe ajulikane kwa mbali, wakampa kazi hiyo. Nikamwonea huruma mpaka nikalia, ng'ombe wakaingia kwenye shamba la Lohay na nikapigwa.

Tangu siku hiyo nilimtendea wema. Akija nilimtandikia ngozi nzuri. Nilimwambia mama kwa lugha yetu, "Huyu naye amefiwa na nani?" Mama, ambaye alikuwa ameanza kukaa, alisema, "Kila mtu amefiwa na mtu," na mimi nikaona amenithibitishia.

Nesi akawa ananiita msaidizi wangu. Alinifundisha kuhesabu mapigo ya mkono wa mama, kukunja kitambaa, kushika taa isitetemeke. "Una mikono iliyotulia," aliniambia. "Mikono kama hii haifundishwi, mtu anazaliwa nayo." Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliitazama ile mikono na kuogopa kwamba ameona alama.

Mama akapona. Mavuno yakapita, mvua zikarudi, na wazee wakasema basi. Tukanyolewa, nyumba ikasafishwa, baba akang'oa ile miiba. Mama mdogo Basilisa alivuka bonde anakimbia, mtu mzima, kitenge kinamvuka, akamkumbatia dada yake wakaanguka wote wawili.

Nikarudi shule. Benchi letu lilikuwa la watoto wanne, na siku ya kwanza wenzangu walisogea, si kwa ubaya, miili yao ilikuwa imezoea tu, pakabaki pengo la mtu mmoja kati yangu na wao. Paulina akalitazama lile pengo, akanyanyuka, akaja akakaa palepale katikati, akanisukuma kwa nyonga. "Sogea, umenenepa," akasema. Nilikuwa nimekonda kama fito.

Ndipo ikaja siku ile. Nesi alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vyenye tope, na Mwalimu Yohane akatuambia tumsikilize mgeni.

"Natafuta msichana mmoja, au wawili," nesi akasema. "Jumamosi awe anakuja zahanati, akae nami, aone ninafanya nini. Akiona inamfaa, Mwalimu atamsaidia aende shule ya kati, na baadaye akasomee unesi. Akiona haimfai, anarudi kwao, hatuna ugomvi."

"Na sisi wavulana?" Bura akauliza.

"Wewe Bura," Mwalimu akasema, "kuku akichinjwa unakimbilia kwa mama yako."

Darasa likacheka. Nesi naye akacheka. Lakini macho yake yalikuwa kwangu. Kila mtu alijua amekuja kwa ajili yangu, Mwalimu alijua, Emiliana alishageuza shingo kunitazama.

"Anayependa anyooshe mkono."

Nikauona akilini ule mkono wangu umenyooshwa, na mwisho wa ule mkono nikaona kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu, changu peke yangu, siku zote. Nikaona chumba cha bati. Nikaona nyayo za watu kwenye tope, na wenyewe wameshaondoka. Mwaka ule mmoja nilikuwa nimeumaliza, na sasa nilikuwa naulizwa kama napenda uwe maisha yangu. Nikaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, nikaikalia.

Kando yangu Paulina akanyoosha wa kwake. Wima, kama kule ng'ambo. Na alikuwa hamtazami nesi wala Mwalimu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Veronika?" Mwalimu akaita.

"Hapana, Mwalimu."

"Hapana kwa nini? Nesi amekusifu sana."

"Nataka kukaa na watu."

Darasa likacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Nesi hakucheka. "Hata hilo ni jibu," akasema, na akamwandika Paulina.

Nilifaulu jambo langu. Nilikaa na watu. Nilimaliza darasa la nne nikabaki nyumbani, nikaolewa na Margwe wa Maretadu, Mungu amrehemu, nikazaa saba, na nyumba yangu haijawahi kukosa mtu anayelia au anayegombana. Lakini Paulina alianza na Jumamosi. Kisha akaenda shule ya kati, kisha akaenda mbali zaidi, akawa anarudi sikukuu na viatu. Jioni nilipokuwa bado msichana kwetu, nilitoka nikatazama ng'ambo, nikaona mama mdogo peke yake anafukuza kuku. Hakukuwa na metimani na hakukuwa na ukungu. Bonde lilionekana lote, wazi.

Kuja kuelewa ni mpaka nilipokuwa na mimba ya Daniel. Nilipata shida, nikapelekwa kwenye zahanati upande wa Dongobesh, na aliyetoka kunipokea alikuwa Paulina, amevaa nyeupe. Tulishikana tukashindwa kuachana. Akaniweka kitandani, akatia dawa ya kahawia kwenye beseni, maji yakageuka meupe, akanawa. Akanishika tumbo. Akanawa. Kisha akafungua kabati, akatoa kikombe chake, akanywa maji.

Nikamwuliza kwa lugha yetu, polepole, mwenye kitanda cha pili asisikie. "Paulina, wamekuacha hivi mpaka lini?"

"Wameniacha akina nani?"

"Wazee. Hawajakutoa tu?"

Hakunielewa. Nikamweleza, kikombe, kunawa, kulala peke yake, maneno ya mzee Gwandu, yote. Alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda changu, akanikalia mguu.

"Veronika, wewe. Hiki kikombe ni kwa sababu watu wanakohoa humu kutwa. Nanawa ili nisikuletee cha yule mama pale. Hiyo ndiyo kazi. Nani alikuambia ni metimani?"

"Hakuna. Niliona."

"Na yule nesi wetu ulidhani anakaa peke yake?" Akafuta machozi na mkono wa nguo. "Yule? Jumamosi palikuwa hapana pa kukanyaga. Wanawake wa pale wote na vibuyu vyao vya maziwa, huyu anataka kusukwa, huyu anataka kushonewa, huyu amekuja kusengenya mume. Alikuwa anawafukuza ili alale. Na anaimba. Mungu wangu, alivyokuwa anaimba vibaya."

Nikacheka na mimi, kwa sababu yeye anacheka. Kisha akanitazama.

"Ndiyo maana hukunyoosha?"

"Ndiyo maana."

Akawa anakizungusha kikombe mkononi. "Mimi sikuwa nataka unesi," akasema. "Damu nilikuwa naiogopa kuliko Bura. Nilinyoosha kwa sababu nilijua wewe utanyoosha. Nilidhani tunakwenda wote. Nilikungoja pale mpaka mkono ukauma."

"Ungeushusha."

"Nesi alikuwa ameshaandika. Niliona aibu."

Na akawa nesi mzuri, baadaye akahamishiwa Katesh, ninyi wa huko mnamjua, amewatoa tumboni nusu ya mji ule. Aliipenda kazi mwishoni. Alisema ilimchukua miaka. Mimi sikumwambia, na sijui kama ningeweza kumwambia, kwamba mikono yangu imetulia mpaka leo. Uzi naingiza kwenye sindano bila miwani.

Hayo yote yalinipita nimekaa chini, harufu ya sweta iko puani, Daniel bado anagonga mpini.

"Neema," nikasema. "Yule nesi anayefunga mlango. Ulimuuliza kwa nini anafunga?"

"Bibi, nitamuulizaje mtu mzima kitu kama hicho?"

"Unasema shikamoo. Akiitika, unauliza."

"Na akinikasirikia?"

"Utakuwa umejua kwamba ana hasira. Sasa hivi hujui kitu. Umeona mlango tu."

Daniel akainua kichwa akanitazama, kwa sababu mimi kwa kawaida siingilii mambo ya shule, niliishia la nne. Jumatatu Neema akarudi hospitali. Jioni akafika anacheka tangu kwenye mihindi.

"Nimemuuliza. Unajua alichosema? Anasema, 'Mwanangu, nikila mlango wazi, sili. Mgonjwa akikuona na kijiko anakumbuka shida zake zote.' Akanivuta ndani akafunga, tukala wote. Wako wanne mle ndani, Bibi. Wanapiga kelele."

"Kwa hiyo unaitaka kazi?" Daniel akauliza haraka.

"Sijasema hivyo, Baba. Nataka kwanza wiki inayokuja niende kwa yule bwana wa mambo ya ardhi, nimwulize na yeye."

Daniel akafungua mdomo. Nikamwangalia, akaufunga. Mwacheni aulize watu wote wa Katesh, akitaka aende mpaka Babati. Sina haraka na jibu lake.

Ningependa kumsimulia Paulina habari ya mlango. Angecheka akamkalia mtu mguu. Lakini Paulina tulimzika Katesh kabla ya mavuno yaliyopita, na mvua ilinyesha. Yeye ndiye aliyekuwa ananisahihisha. Nikisimulia jambo la utotoni alikuwa anakaa pembeni anasema, hapana, alikuwa Safari si Bura, hapana, ng'ombe yule alikuwa mwekundu. Sasa nasimulia na hakuna anayenikatiza, nami sijazoea.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliokuwa darasani kwa Mwalimu Yohane, kama mko hai na mnasoma, au mnasomewa. Emiliana, nasikia uko kwa mwanao. Safari, wewe ulikuwa mbele lakini uligeuka. Jina la yule nesi sikulijua kamwe, tulimwita nesi tu; mwenye nalo aniletee. Kama nimemweka mtu pasipokuwa pake, semeni. Kama alikuwa Safari si Bura aliyeuliza, semeni. Na kama kuna aliyegeuka siku ile akaona kwamba nami, hata kwa kitambo kidogo kabla ya kukalia mikono, niliinua wa kwangu, na Paulina akauona, aniambie. Ningefurahi sana kuwa nimekosea.